Chumba cha Uani

Jumanne, 2 Julai
Nimefunga duka saa kumi na mbili. Majora mawili ya shela ya mapazia yamebaki, mengine yote yameondoka. Miguu inawaka moto. Nimepanda hadi ghorofa ya tatu na ndoo ya maji mkononi maana pampu imekufa tena na mwenye nyumba hataki kuitengeneza. Aitengeneze ya nini? Jengo linavunjwa. Nusu ya Kariakoo inavunjwa ijengwe upya. Wapangaji wote tumeambiwa tutoke mwisho wa mwezi.

Lakini safari hii hatuendi kupanga. Tumenunua. Ilala, nyumba ya zamani, vyumba sita, ukumbi katikati, uani bomba na mpera. Mtaa wa watu waliokaa, watoto wanacheza pale pale walipocheza babu zao. Miaka yote hii nauza mapazia ya madirisha ya watu. Sasa nitashona ya kwangu. Nina furaha ya kijinga na sioni haya kuiandika.

Jumamosi, 6 Julai
Shomari dalali kapiga simu duka likiwa limejaa. Kwamba mzee wa ile nyumba alifariki mwezi wa tano, hilo nilijua. Nyumba alishawaandikia wanawe wawili akiwa hai, na hao ndio waliotuuzia. Nisilolijua ni kwamba mkewe wa pili, Bi Zuhura, ambaye hakuzaa naye, bado yumo. Yuko chumba cha uani, anakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani kwa mumewe. Vijana wameona haya kuniambia wenyewe. Wamemtuma Shomari aniulize kama naweza kusubiri amalize, katikati ya mwezi wa tisa.

Nilikuwa na mteja ananibana bei. Nikamjibu Shomari kwamba mkataba unasema mwisho wa mwezi. Kisha akasema, "Haya, mama."

Mume wangu Elisante sijamwambia. Angeanza kufikiri.

Jumatano, 10 Julai
Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Nilikwenda na Hamisi, fundi wangu wa mapazia, kupima madirisha. Vijana waliruhusu, walisema vyumba vya mbele viko wazi. Tukapima vya mbele, tukamaliza haraka. Likabaki dirisha moja, la chumba cha uani. Nilijua nani yumo. Siwezi kujidanganya humu pia. Nilijua, na nikausukuma mlango bila hodi, futi ikiwa mkononi, Hamisi nyuma yangu.

Mama wa makamo, nguo nyeupe, amekaa kwenye godoro chini na tasbihi. Alipomwona Hamisi alijitupia kanga kichwani akageukia ukutani. Akawa mdogo pale chini, kifurushi tu. Hamisi akatoka mbio.

Ningetoka na mimi. Sikutoka. Nilisema, "Samahani mama, tunapima dirisha." Nikapima. Nilisimama juu ya kichwa chake nikavuta futi huku na huku nikaandika upana na urefu. Hata shikamoo sikumpa.

Hamisi nilimkuta barazani. "Mama Glory, ungeniambia kuna mtu yuko eda," alisema. "Mimi mwanaume. Na wewe, hata hodi?" Hakutaka kurudi nami dukani. Alipita njia yake kwa miguu.

Jumapili, 14 Julai
Kanisani leo nilisimama mbele na Elisante na watoto kutoa shukrani ya nyumba. Watu walitupigia makofi. Mama mmoja wa kwaya alipiga vigelegele.

Tulipotoka nikakuta ujumbe wa Shomari. Nyumba iko wazi, vijana wamemhamishia mama Mbagala kwa mdogo wake. Asubuhi ile ile. Wakati napigiwa makofi, yeye alikuwa anatolewa.

Elisante akauliza mama gani. Ikabidi nimweleze. Alisikiliza hadi mwisho akasema, "Kumbe." Neno hilo tu. Tumekula, Glory anatutazama.

Jumamosi, 20 Julai
Tumehamia. Kirikuu mbili za mizigo na mikono ya ndugu. Nilijiandaa kwa maneno ya majirani, hayakuja. Wote wana adabu. Wanasalimia, wanauliza habari za kutwa. Bi Tatu wa nyumba ya jirani ameleta sahani ya vitumbua, akaipitishia mlangoni. Hakuna aliyeingia ndani. Ningependa wangenitukana.

Nyuma ya mlango wa jikoni nimekuta mbuzi ya kukunia nazi. Ya mti mzito, kikalio kimelainika kwa kukaliwa. Nimeikunia nazi ya wali wa leo. Inakuna vizuri.

Jumatano, 24 Julai
Nimerudisha sahani ya Bi Tatu na vitenge viwili juu yake. Vitenge hakuvipokea. Kanikaribisha kwenye kigoda, akanieleza mwenyewe bila kuulizwa jinsi Bi Zuhura alivyotoka. Wanawake wanne walimzungushia kanga toka mlango wa chumba hadi kwenye gari, wanaume wasimwone. Mtaa mzima ukaingia ndani ukafunga milango ili apite. Wenye maduka nao walifunga. Alipita hivyo, na kikapu kimoja. Bi Tatu hakupandisha sauti. Alikuwa anachambua mchele.

Baba yangu alipofariki, mama alibaki kwenye kihamba, shamba la ukoo, kwenye kitanda chao, na shemeji yeyote ambaye angethubutu kumgusia habari ya kuhama angekiona. Mimi mwenyewe ningemshukia kwa maneno. Najijua. Kwa mama yangu nina ulimi, kwa mama wa mwenzangu nina mkataba.

Alhamisi, 25 Julai
Silali vizuri. Dukani nimemkaripia mteja bure. Elisante kaniambia niache kujitesa, waliohamisha ni vijana wa marehemu, si mimi. Nilitaka kumwamini. Siku nzima nimejaribu.

Jumapili, 28 Julai
Baada ya ibada nimekwenda Mbagala. Nilimwomba Bi Tatu anisindikize, akakubali, ingawa njia nzima hakuzungumza nami ila mambo ya joto na foleni.

Bi Zuhura anakaa kwenye chumba anacholala na wajukuu watatu wa mdogo wake. Pazia la kugawa chumba ni shuka lililotundikwa kwa misumari. Safari hii nilibisha hodi. Nikampa shikamoo, akanijibu marahaba kama vile hajawahi kuniona. Nikamwambia ni mimi. Akasema anajua.

Nimemwomba arudi amalizie eda yake chumbani kwake. Chumba kipo, nikasema, hatujakigusa, mume wangu atapita mlango wa mbele, hatamwona mtu. Nilikuwa nalia. Nilisema maneno mengi mno.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Ningebaki pale pale, mwanangu. Chumba kimoja tu. Nisingewasumbua." Nyumba ina vyumba sita na sisi tuko wanne. Siku aliyopiga simu Shomari, nilichofikiria ni mimi au yeye. Kwamba tungekaa wote halikunipitia kichwani hata mara moja.

Kurudi amekataa. Ametolewa mara moja, inatosha, hatabebwa tena huku na huku mbele za watu. Ataimalizia hapo. "Nimekusamehe," alisema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Sasa hili nalo niliandike. Alipokataa, kitu fulani ndani yangu kilishusha pumzi. Nilifurahi. Machozi hayajakauka, nami nafurahi kwamba sitapika na mgeni jikoni, kwamba Elisante hatalazimika kukohoa kila akienda bombani. Bi Tatu alikuwa ananitazama. Nadhani aliona.

Jumamosi, 10 Agosti
Mapazia yote yametundikwa, rangi ya udongo na shela nyeupe. Wageni wa jumuiya walikuja kusali, wakayasifu. Mama mmoja kaniambia nimepata nyumba ya baraka.

Pazia la chumba cha uani nimelishona. Liko kwenye mfuko. Kila nikikumbuka vile vipimo nilivichukua nikiwa nimesimama wapi, nalirudisha humo. Elisante anataka kukifanya chumba stoo. Nimemwambia asubiri. Ananiuliza asubiri nini. Kwa hilo naweza kusubiri.

Hamisi ameacha kazi kwangu. Yuko duka la tatu kutoka langu. Tunasalimiana.

Jumatano, 18 Septemba
Leo sikwenda dukani, mdogo wake Glory, Baraka, alikuwa na homa. Saa nne hivi nilikuwa jikoni, nakuna nazi.

Nikasikia hodi barazani. Mara moja, taratibu. Mtu anasubiri.

Bi Zuhura. Eda imekwisha, anazunguka kuwasalimu majirani kama ilivyo desturi yao. Dera jipya la kijani, hina mikononi, Bi Tatu na wengine wamesimama nyuma yake barabarani. Mlango ulikuwa wazi. Alisimama nje ya kizingiti cha nyumba aliyoolewa humo, akasubiri nimwambie karibu.

Nilimwambia karibu. Nikarudia. Alishukuru. Akasema haingii, ana nyumba nyingi za kupita. Akauliza hali ya watoto. Nikasema mdogo ana homa, akasema Mungu atampa afya.

Kisha akasema kuna kitu chake alisahau siku ile, nyuma ya mlango wa jikoni, kama bado kipo. Mbuzi yake ya nazi. Aliletewa na mama yake alipoolewa.

Nikaenda kuichukua. Kifuu kilikuwa bado kwenye meno yake. Nilikitoa, nikaifuta kwa kanga yangu, nikafuta tena, lakini mti ulikuwa umeshalowa, na mle kwenye meno nazi haikutoka yote. Nikampelekea hivyo hivyo.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole, akaona nazi mbichi. Akanitazama kidogo tu.

"Ahsante kwa kunitunzia," alisema, akaikunja, akaiweka kwapani. Wakaenda nyumba ya pili. Huko nilisikia hodi, na kabla hajamaliza kuisema, vigelegele.