Ngamia Wameikataa Sauti Yangu

Mdogo wangu Guuleed,

Hatujambo. Mbuzi wamezaa mapacha. Ila hawa ngamia wananiaibisha kisimani: nikiwaimbia wanywe maji, wananitazama kama mkwe aliyekuja bila mahari. Majirani wanauliza, "Samatar, unaimba au tumbo linakuuma?" Na ni mimi niliyekwambia una sauti ya fisi mwenye mafua, ukafunga mzigo ukaenda mjini!

Jana niliuiga wimbo wako, hata kile kikohozi chako cha katikati. Wakanywa mpaka hori likakauka.

Mama naye aliusikia. Akatoka mbio na kibuyu cha maziwa, akiliita jina lako. Kuona ni mimi, akarudi ndani na maziwa yake.

Ngamia niliwadanganya, lakini mama hadanganyiki. Rudi, fisi wangu.

Kaka yako mwenye kiu,
Samatar