Mkono Uliomchinja Kuku

Jumatano

Mwanaume gani aliingia kwangu? Swali hilo limenikaa kooni tangu mchana.

Nimerudi kutoka Mibirizi, siku mbili za kuwapima wanafunzi sare, nikakuta kuku kwenye mchuzi. Sisi Waislamu wa hapa Kamembe, mwanamke hachinji. Dini haikatazi, ni mazoea tu. Mume asipokuwepo, mke anasimama mlangoni na kisu, anangoja mwanaume apite. Basi nani alipita?

Jirani yangu fundi viatu anaapa hakuitwa. Nikachungulia nyuma ya jiko. Damu kidogo, mahali pamoja. Mkono uliotulia, si kama wangu. Wivu ukazidi.

Wakati wa kula nikamuuliza mke wangu waziwazi.

"Ni miye nilimuchinja, Papa Zaina. Nilisema bismillahi, nikakata."

"Nani alikufundisha?"

"Ni weye. Miaka yote nakushikiaka kuku miguu, naangalia."

Anaangalia. Basi ameona ninavyofumba macho, ninavyotetemeka mpaka kisu kinateleza. Marehemu baba alisema mwanaume anazaliwa na moyo wa kuchinja. Nina miaka arobaini na sita, naungoja bado. Na yeye, moyo huo aliutoa wapi?

Ningeshukuru kwamba hakuna mwanaume aliyeingia. Lakini alipoondoa sahani aliniuliza kwa upole, upole uliozidi:

"Ijumaa kuna kuku mwingine. Utakuwa hapa, ama utakuwa na safari?"

Sasa najiuliza amejua tangu lini.