Sauti ya Otieno Kwenye CD ya Babake

Jumatatu, 3 Machi
Studio nimefungua saa mbili. Picha za pasipoti sita. Stima imepotea mara mbili kabla ya saa sita. Saa nane amekuja Min Otieno, yaani mama Otieno, kutoka Kendu Bay, CD ameifunga ndani ya leso. Ni ya mazishi ya mumewe. Video hiyo niliipiga mimi, enzi tulipokuwa tukirekodi kwenye CD. Lakini hatafuti mazishi. Anamtafuta Otieno, mwanawe, aliyeongoza shughuli siku ile. Otieno alifariki mwaka juzi. Sauti yake haiko mahali pengine popote. Kumbukumbu yake ni Jumamosi ya tarehe 15.
Nimemwambia aiache, ni kazi ndogo.

Jumanne, 4 Machi
Si kazi ndogo. Mashine inaizungusha, inakohoa, inaitema. Juu yake kuna stika ya karatasi: uso wa mzee, tarehe, jina la studio yangu. Stika hizo nilizibuni mimi, na kila familia ilizitaka. Watu wakaanza kutundika CD ukutani sebuleni kama picha, na kitambaa cha kufuma juu yake. Hii imekaa mkabala na dirisha miaka yote, jua la asubuhi likiipiga. Gundi imekauka, stika imejikunja, CD yenyewe imepinda.
Nikaingiza ukucha nikabandua ukingo wa stika. Nilidhani ndiyo inayozuia. Rangi ya fedha ikaja nayo, kipande cha ukubwa wa sarafu. Nikaiinua CD, nikaona balbu ya studio kupitia tundu.
Sauti na picha zimo katika tabaka lile. Liko juu, chini tu ya stika, wala si upande wa chini ambao sote tunauogopea mikwaruzo. Nilijua. Nikabandua hata hivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Min Otieno amepiga simu. "Nyara, umemsikia?"
Nimesema mashine inahitaji kusafishwa. Uongo. Ananiita nyara, binti yake, nami namdanganya.

Ijumaa, 7 Machi
Kuna nakala zangu. Kila kazi nilijiwekea moja. Katoni tatu juu ya kabati, karibu na bati, mahali ambapo mshumaa hulainika wenyewe. CD zimelaliana bila makasha. Najaribu moja moja, matokeo naandika kwenye daftari. Za mwanzo, zile ghali, nyingi bado zinasoma. Za bei rahisi nilizonunua baadaye zimegeuka rangi ya chai. Kimya kabisa.
Nami niliwaambia watu miaka mia. Kila harusi, kila mazishi: itadumu miaka mia, mama, usiwe na wasiwasi. Sijui nilikitoa wapi kitu hicho.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Nimeipata, katoni ya tatu. Haina stika. Jina nililiandika kwa kalamu kwenye duara la katikati, pale pasipo na fedha. Mashine yangu inasema ni tupu. Nimeitoa na kuirudisha mara kumi na moja. Tupu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeipeleka kwa Salim, jirani wa duka la vifaa vya umeme. Amefunga Ramadhani. Midomo imekauka, mzaha haujakauka. "Dada, si wewe ulisema duka langu ni jaa la taka?" Akatoa kompyuta kuukuu kutoka chini ya meza. Anasema kila mashine ina macho yake. Tukaifuta CD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha. Tukaiacha isome polepole.
Imesoma. Kabla Salim hajaondoka kwenda kufuturu tulikuwa na dakika tisa, kati ya karibu saa nzima. Nyingine hazitoki.
Otieno yumo. Haimbi, hahubiri. Anaamrisha: "Wapishi, wageni wa Karungu hawajapata sahani. Watoto, waachieni wazee viti. Na wewe dada wa kamera, sogea kidogo, mama haoni."
Dada wa kamera ni mimi.

Jumatano, 12 Machi
Dakika tisa ziko kwenye flashi mbili, kwenye kompyuta, na kwenye CD mpya niliyoirekodi kwa kasi ndogo. Kasha gumu, imesimama wima, droo ya chini, mbali na bati na jua. Hakuna stika. Kila Machi nitaijaribu, na ikianza kukohoa nitatoa nakala nyingine.
Bado sijamwambia. Nimepanga maneno, nimeyapangua. Naogopa.

Jumamosi, 15 Machi. Kendu Bay
Nimemwambia kabla ya kuketi. Stika, ukucha, uongo wa simu. Nimemwonyesha tundu.
Ameliangalia. "Ulisema miaka mia," akasema. "Nikajiuliza, huyu msichana, yeye mwenyewe ataishi mingapi hata aje kuhesabu?"
Wajukuu wakacheka. Mimi sikuweza.
Nikachomeka flashi kwenye televisheni. Kelele za sahani. Kisha sauti ya Otieno. Min Otieno hakulia. Alisema, "Hata kwenye kilio cha babake, kuamrisha tu." Akataka irudiwe.
CD ya zamani ameitundika tena palepale, uso wa mzee na tundu lake.
Nilikuwa nimesimama karibu na televisheni. Mara ya tatu Otieno aliposema mama haoni, nikajikuta nimesogea.