Mawe ya Zuhura

Zuhura mwanangu,

Ni mimi mjombako. Hati yangu waijua, usinicheke. Mamako sasa anakula kidogo. Chumba chako hatujakigusa.

Kuna jambo nataka ulisikie kwangu. Siku tuliyokuzika, vijana walitafuta kokoto za kuweka juu ya kaburi. Wakaiona mifuko yako pale dakani, penye mlango wa nyumba, ile uliyokuja nayo kutoka msituni. Mawe mazuri, yameoshwa, kila mfuko na kibandiko chake. Wakadhani yameletwa kwa ajili yako. Wakayamwaga yote. Nami nikayapanga kwa mikono hii, sikuyatambua, macho yalikuwa yamejaa.

Juzi kijana wa ofisini kwenu, mpima miamba mwenzako, akaja kuyataka. Nikampeleka makaburini. Akayatazama, akasema, "Mzee, hata tukiyaokota, jiwe lipi latoka wapi hatutajua tena." Hakugusa hata moja. Mtoto ana adabu.

Basi kazi yako inarudiwa upya. Mpaka ijulikane chini mna madini gani, ule msitu hauwezi kutengwa uhifadhiwe, usijengwe wala usichimbwe. Na hapa mtaani Ndia Kuu wenye tamaa washaanza: ati Zuhura alipata dhahabu akaificha. Wewe wa kuficha! Nilimjibu mmoja, lakini wengine bado wanasema.

Wakumbuka tulivyopanda kile kilima, mimi na nyundo yako begani? Niliporudi nikawaambia watu barazani chui alinipisha njia. Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Mjomba, juzi ukinisimulia, chui huyo alikuwa paka." Halafu ukasema, kwa upole wako, kwamba kazi yako ni kusema kilichomo, hata kama hamna kitu.

Sasa watu wa ofisini kwenu wanataka mtu anayezijua njia za msituni. Nimesema nitakwenda, na mifuko nitabeba mimi. Nguvu ninazo, wachukuzi wa maghala ya Shimanzi wenyewe wakiniona na gunia hunisalimu kwanza. Twaondoka Jumamosi.

Nitawaonyesha kila ulipogonga. Wakipata kitu, wamepata. Wasipopata, ndiyo hivyo. Nikirudi barazani wataniuliza, na safari hii nitasema yaliyoonekana, hayo tu, bila kuongeza hata punje. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, na wewe peke yako ndiye ujuaye ilivyo nzito.

Mungu akunurishie ulipolala, mwanangu.

Mjombako