Bendera Iliyoliwa na Kuku

Mujukuu wangu Mado, huko Mutshatsha,

Barua yako imenifikia. Hapa Manika tuko. Mama yako mkubwa bado anauza unga sokoni. Mi miguu inaniuma, hata kuandika kunanichosha. Unasema nyumba ya udongo uliyofinyanga kwa ajili ya darasa imepasuka, na unaona haya kuionyesha.

Mi pia, enzi za Zaïre, mwalimu alitaka kila mtoto atengeneze kitu na kukieleza mbele ya wenzake. Nilitengeneza bendera ya nchi juu ya kartoni. Rangi ya kijani niliipata kwa kutwanga lile jiwe la kijani lenye shaba katika kinu cha mama, nikachanganya na uji. Duara la njano la katikati nililibandika kwa punje za mahindi. Nikaianika juani, kuku wakala duara lote.

Niliipeleka hivyo hivyo. Hakuna aliyecheka. Miaka ile bendera haikuwa ya kuchezea. Baba angeweza kuitwa na serikali kujieleza. Mwalimu alitazama mlango, akaufunga, akaigeuza kartoni uso chini.

"Yacha kuionyesha, mama," aliniambia polepole. "Utuambie tu, ile kijani uliifanya namna gani?"

Nikaeleza. Kesho yake nusu ya darasa walikuja na mikono ya kijani. Mwalimu alipoinua chaki kuandika ubaoni, nikaona vidole vyake navyo vya kijani.

Basi, nimechoka. Ile nyumba uipeleke na ufa wake.

Mi kambo yako, bibi yako,
Mama Ngalula