Waya Uliousahau

Mume wangu mdogo,

Umetutupa kama jongoo na mti wake, au njia ya kwangu imeota miiba? Jirani ndiye anayeniandikia. Matusi mengine kakataa kuyaandika.

Kuku ametotoa. Mlango wa jikoni bado unalia. Babu yako habari zake unazo, ndiyo maana simu hupokei. Tangu friji impige shoti na kumrusha ukutani, mkono wa kulia hauinuki. Namlisha mimi.

Nikaita fundi umeme, mtu mzima mwenye cheti. Kafungua soketi, katikisa kichwa. "Bibi, nyumba nzima haina waya wa ardhini, ule wa kuzuia shoti. Nani kakufungia umeme huu?"

"Mpita njia tu," nikamwambia. "Hata jina lake silijui."

Na ni mimi niliyewatangazia majirani kwamba mjukuu wangu kaniwashia taa kwa mikono yake. Babu yako alisikia uongo wangu kwa fundi, akageukia ukuta.

Friji nimeichomoa, fundi nimemuaga. Kazi hiyo utairudia wewe. Njoo na waya, uzime swichi kuu, lakini kabla hujashika bisibisi, nawa mikono, ukae umlishe babu yako mpaka ashibe.

Bibi yako, ambaye bado hajakutaja