Taa ya Gurudumu la Mbele

Chumba cha nyuma,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Mama Mdogo,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu: juzi sikurudi kwa basi. Nilirudi na ndege ya mizigo, kiti cha mbele, kando ya Mjomba. Mama alimwombea heri dereva wa basi, nami nikaitikia amina.

Sasa salamu. Hujambo? Mgongo umepoa? Baridi ya huko bado inakulaza na soksi? Sisi wazima. Mtihani wa mwisho nimemaliza, kitanda cha bweni nimemkabidhi matroni, na sasa kazi yangu ni kuulizwa na kila mgeni nitakuwa nani. Ninatabasamu tu. Unanijua.

Mjomba alikuwa na nafasi kwa sababu alibeba vifaranga, makatoni kwa makatoni. Walilia njia nzima.

Tulipoukaribia uwanja alishusha magurudumu. Mbele yake pana taa tatu za kijani, kila gurudumu na yake. Mbili ziliwaka. Ya gurudumu la mbele haikuwaka. Aliongeza nguvu ya injini, tukapanda tena, akamwarifu mwongoza ndege mnarani.

"Mafiga mawili hayainjiki chungu," akaniambia, utadhani tuko jikoni. "Wewe una vidole vyembamba. Chomoa balbu ya kushoto, uitie kwenye hiyo ya mbele."

Alitaka kujua kilichokufa ni balbu au gurudumu. Niliichomoa ile nzima, ingali ya moto, nikaipachika. Giza. Basi balbu haikuwa na kosa.

Tulipita chini kando ya mnara. Mwongoza ndege akasema gurudumu limeteremka, ila kwa macho hawezi kujua kama limejifunga. Kama halijajifunga, lingejikunja likigusa lami, na pua ya ndege ingeburuzika nasi ndani.

Kati ya viti kuna mpini wa pampu ya dharura, ya kulisukuma gurudumu lijifunge. Niliusukuma mpaka ukagoma. Taa bado.

"Unaogopa?" Mjomba akauliza.

"Sijui."

"Afadhali wewe. Mimi najua."

Alitua kwa magurudumu ya nyuma, akaishikilia pua juu kadiri alivyoweza, kama mtu anayemlaza mtoto asiamke. Kisha ikashuka yenyewe. Gurudumu likashika. Gari la zimamoto lilitufuata bila kazi. Injini ilipozimwa, nilisikia vifaranga tu.

Fundi wa ndege, dada mmoja mwenye ovaroli, aliingia chini ya ile ndege akatoka na tope kwenye kitambaa. Tope lilikuwa limeziba swichi ndogo inayoiwasha ile taa. Gurudumu lenyewe lilikuwa limejifunga tangu mwanzo.

"Mguu mzima, Kapteni," akasema. "Mdomo ndio mgonjwa."

Mjomba alicheka hadi akaketi chini. Mimi sikucheka. Nilimwuliza yule dada swichi iko wapi, naye akaniambia nilale nitazame. Nikalala chali pale kwenye lami na sketi yangu ya shule. Akanionyesha waya, akanionyesha inakokwenda, na maswali yangu hayakumchosha. Sikumbuki lini niliwahi kuuliza mengi hivyo.

Mama Mdogo, hiyo ndiyo kazi ninayoitaka. Kuruka hapana. Nataka kulala pale chini, nijue kwa nini taa imenyamaza. Chuo cha ufundi wa ndege kinapokea maombi mwezi ujao. Mama ameshaninunulia kitambaa cha sare ya chuo cha ualimu.

Wasalimie Baba Mdogo na pacha, uwaambie meno yao nayasubiri kwenye picha. Bibi anakusalimu, anasema unenepe kidogo. Mungu akutunze ugenini, akurudishe na afya yako yote.

Nakuomba hili libaki kwako. Nitamwambia Mama mwenyewe, chuo kikishanijibu. Akisikia habari ya taa kabla ya habari ya chuo, atazijibu zote mbili kwa neno moja.

Mwanao akupendaye,
Kimya